Foleni Haiishi, Huhama: Jinsi Seva za Hifadhidata Zinavyopokea Wateja

Seva ya PostgreSQL inapofikia kikomo cha miunganisho ilichowekewa, humjibu mteja anayefuata kwa ujumbe mfupi wa kuomba radhi kwamba wateja tayari wamekuwa wengi mno. MySQL nayo hutoa kosa namba 1040. Kwa mhandisi aliye zamu usiku, ujumbe huo ni balaa: watumiaji hawaingii, simu zinaita, na njia ya mkato inaonekana wazi, yaani kuongeza namba. Kikomo kilichokuwa 100 kinapandishwa hadi 500, kisha 2,000, seva inawashwa upya, na kila mtu anashusha pumzi. Hoja ya makala haya ni kwamba tiba hiyo mara nyingi huzidisha ugonjwa. Kikomo cha miunganisho kipo ili seva isikubali kazi nyingi kuliko inayoweza kuifanya. Maombi yakizidi uwezo wa mashine lazima foleni iwepo, na hakuna mpangilio wowote unaoweza kuifuta. Kinachobaki mikononi mwa mbunifu wa mfumo ni kuamua foleni hiyo ikae wapi, nani aruhusiwe kujipanga, na asubiri kwa muda gani kabla ya kuambiwa kwamba hapati nafasi. Anayekwepa uamuzi huo hajaikwepa foleni. Ameiacha ijichagulie mahali, nayo huchagua mahali pabaya.

Ili hoja hii ieleweke, tumfuate mteja tangu anapobisha hodi. Mteja hapa ni programu: tovuti ya shule, mfumo wa hospitali, au huduma ya malipo kwa simu. Seva ya hifadhidata huanza kwa kuiomba kerneli ya mfumo wa uendeshaji soketi, njia iliyoletwa na Unix ya Berkeley, toleo la 4.2BSD, mwaka 1983. Soketi hiyo hufungwa kwenye poti inayojulikana: 5432 kwa PostgreSQL, 3306 kwa MySQL, 1521 kwa Oracle, 1433 kwa SQL Server, 27017 kwa MongoDB. Baada ya hapo seva husikiliza tu. Mteja akifika, kerneli ndiyo inayompokea kwanza: hubadilishana naye pakiti tatu za TCP, kisha humweka kwenye foleni ya miunganisho iliyokamilika hadi hifadhidata itakapokuja kumchukua. Katika hatua hii hifadhidata haijui hata kwamba mtu amefika. Urefu wa foleni hiyo hutawaliwa na namba mbili, ile iliyoombwa na programu na ile inayoruhusiwa na kerneli, na iliyo ndogo ndiyo hushinda. Kwenye Linux, kikomo cha kerneli kilikuwa 128 kwa miaka mingi, hadi toleo la 5.4 la mwaka 2019 lilipokipandisha kuwa 4,096. Foleni ikijaa, Linux kwa kawaida hupuuza pakiti mpya bila kutoa jibu, na upande wa mteja hujaribu tena baada ya sekunde moja hivi, kisha tena na tena. Mtumiaji haoni kosa lolote. Anaona ukurasa usiofunguka. Hii ndiyo foleni ya kwanza, nayo ni kipofu: haimtofautishi daktari anayetafuta rekodi ya mgonjwa na ripoti ya mwezi ambayo ingeweza kusubiri hadi kesho.

Mteja akishachukuliwa kutoka kwenye foleni hiyo, mazungumzo yenyewe huanza, nayo yana gharama ambayo wengi hawaihesabu. Kwa MySQL, seva hutangulia kusalimu na kutaja toleo lake. Kwa PostgreSQL, mteja ndiye anayetangulia. Tuchukue muunganisho wa PostgreSQL uliolindwa vizuri. Kuna safari moja ya kwenda na kurudi kwa ajili ya TCP, moja ya kuuliza kama usimbaji fiche unapatikana, na moja ya kukubaliana funguo kwa TLS 1.3. Kisha zinafuata tatu za kujitambulisha na kuthibitisha nywila kwa njia ya SCRAM-SHA-256, iliyoingia katika toleo la 10 mwaka 2017. Jumla ni safari sita kabla ya swali la kwanza la SQL kuulizwa. Programu na hifadhidata zikiwa chumba kimoja, safari sita hazionekani. Lakini programu ikiwa Dar es Salaam na hifadhidata ikiwa Frankfurt, umbali wa moja kwa moja ni takriban kilomita 7,000, na mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 70, hata kama kebo ingenyooka kama rula, na hakuna kebo iliyonyooka hivyo. Safari sita ni zaidi ya milisekunde 400 za kufungua mlango tu. Toleo la 17 la PostgreSQL, lililotoka mwaka 2024, liliruhusu kuondoa safari moja kati ya hizo. Ni hatua njema, lakini funzo la msingi halibadiliki: programu inayofungua muunganisho mpya kwa kila ombi na kuufunga papo hapo inalipa nauli kubwa kuliko bei ya bidhaa.

Gharama ya pili iko ndani ya seva, na hapa mifumo imechagua njia tofauti. PostgreSQL ina mchakato mkuu unaosikiliza, na kila mteja anapokubaliwa, mchakato huo huzaa mwingine wa kumhudumia yeye peke yake hadi aondoke. Muundo huu ulirithiwa kutoka mradi wa POSTGRES ulioongozwa na Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1980, na wabunifu wenyewe walieleza kwamba waliuchagua ili mfumo uanze kufanya kazi haraka. Una faida halisi: kila mteja ana kumbukumbu yake, na mfumo wa uendeshaji unajua kusafisha kila kitu mchakato unapokufa. Lakini kila mchakato hubeba mzigo wake: kumbukumbu yake ya muundo wa majedwali, kurasa zake za ramani ya kumbukumbu, na haki ya kutumia megabaiti 4 kwa kila hatua ya kupanga data, kwa mpangilio wa kawaida. Tena hadi toleo la 13, kila muamala ulipotaka kujua ni miamala gani mingine inaendelea, ulilazimika kupitia orodha ya miunganisho yote, hata ile iliyokaa bila kazi. Wateja elfu waliolala waliwachelewesha kumi walio macho. Kazi ya Andres Freund, iliyoingia katika toleo la 14 mwaka 2021, iliondoa sehemu kubwa ya adha hiyo. Kwa miaka mingi, basi, muunganisho usiofanya lolote haukuwa wa bure, na kikomo cha kawaida cha PostgreSQL ni 100 tu.

Mifumo mingine ilitafuta wepesi kwa njia nyingine. MySQL humpa kila mteja uzi ndani ya mchakato mmoja, na huweka akiba ya nyuzi ili mteja anayeondoka aache uzi wake kwa anayekuja. Kikomo chake cha kawaida ni 151. Oracle ilikwenda mbali zaidi mapema. Tangu toleo la 7 la mwaka 1992, mbali na njia ya kumpa kila mteja mchakato wake, iliruhusu wateja wengi wapokewe na wasambazaji wachache wanaoweka maombi kwenye foleni moja, na kundi dogo la michakato huchota kazi humo. SQL Server hukubali hadi miunganisho 32,767, lakini kwenye mashine ya biti 64 yenye vichakataji visivyozidi vinne huanza na kikomo cha nyuzi 512 za kufanya kazi. Redis huendesha amri zake kwa uzi mmoja, na bado kikomo chake cha kawaida ni wateja 10,000. Ukizitazama kwa pamoja, seva hizi zinatoa ushahidi wa kitu kimoja: idadi ya waliounganishwa na idadi ya wanaohudumiwa kwa wakati mmoja ni namba mbili tofauti, na mfumo hupumua vizuri pale namba hizo zinapotenganishwa. Dan Kegel alipoandika mwaka 1999 kuhusu tatizo la kuhudumia wateja 10,000 kwenye seva moja, kushika soketi nyingi kiasi hicho kulikuwa kazi ngumu. Kerneli za leo zinazishika bila shida. Ugumu uliobaki ni wa kazi yenyewe, kwa sababu viini vya kichakataji, diski na kufuli za data haviongezeki kwa kuwa watu wengi zaidi wamebisha hodi.

Hapa hesabu inasema kwa uwazi kuliko maneno. John Little alithibitisha mwaka 1961 kanuni rahisi inayotawala kila foleni iliyotulia: idadi ya waliomo ndani ni sawa na kasi ya kuwasili mara muda ambao kila mmoja anakaa. Hifadhidata inayopokea maombi 2,000 kwa sekunde, kila moja likichukua milisekunde 5, ina wastani wa maombi 10 tu yanayoendelea kwa wakati mmoja. Kumi, si elfu mbili. Kwa hiyo mtu anayesema anahitaji miunganisho 2,000 kwa sababu ana watumiaji 2,000 amechanganya idadi ya watu na idadi ya kazi. Mashine yenye viini vinane haiwezi kuchakata maombi 500 kwa wakati mmoja. Itayagawia vipande vya muda, ikiruka kutoka hili kwenda lile, na kila ombi litachukua muda mrefu kuliko ambavyo lingechukua kama yangeingia machache machache. Ni sawa na zahanati yenye madaktari wanne: kuongeza viti vya kusubiri hakuongezi madaktari, na kuwaingiza wagonjwa wote chumba cha daktari kwa pamoja kunamzuia hata kumpima wa kwanza.

Ubaya wa foleni iliyohamia ndani ya hifadhidata ni kwamba wanaosubiri humo hawasubiri mikono mitupu. Ombi lililokwisha kuanza muamala linashikilia kufuli za safu lilizozigusa, kumbukumbu ya kupanga data, na taswira ya data ya wakati lilipoanza. Katika PostgreSQL taswira hiyo huzuia usafishaji wa safu zilizokwisha kufutwa, hivyo majedwali hunenepa. Anayesubiri kichakataji huku akishika kufuli humsubirisha anayeitaka kufuli ile, na huyo humsubirisha wa tatu. Muda wa kila ombi ukirefuka, kanuni ya Little hufanya kazi yake bila huruma: kasi ya kuwasili ni ileile, muda umeongezeka, basi idadi ya waliomo ndani lazima ipande. Programu zikiona majibu yanachelewa hufungua miunganisho zaidi, na zile zilizokata tamaa hujaribu upya, yaani huongeza hata kasi ya kuwasili. Seva iliyokuwa imeelemewa kidogo inazama kabisa. Mhandisi aliyepandisha kikomo kutoka 100 hadi 2,000 hakuongeza uwezo hata chembe. Aliiondoa breki iliyokuwa ikizuia mzunguko huo usianze.

Je, breki iwekwe wapi? Jibu la kwanza la waandishi wa programu ni akiba ya miunganisho ndani ya programu yenyewe: miunganisho michache hufunguliwa mapema, huazimwa na kurudishwa, na gharama ya zile safari sita hulipwa mara moja tu. Ni jibu sahihi, lakini halijakamilika, kwa sababu kila nakala ya programu hujiona yenyewe tu. Seva 20 za programu, kila moja ikiwa na akiba ya miunganisho 50, zinaweza kufikisha miunganisho 1,000 bila hata moja kati ya hizo kuvunja kanuni yake. Toleo jipya la programu likiwashwa kabla ya la zamani kuzimwa, namba hiyo huongezeka maradufu kwa dakika kadhaa. Hali huwa ngumu zaidi pale programu zinapoendeshwa kama vipande vidogo vinavyozaliwa na kufa kulingana na wingi wa maombi, kwa kuwa idadi ya nakala haijulikani mapema. Kinachohitajika ni sehemu moja inayowaona wote.

Ndiyo sababu programu za kati zilizaliwa. PgBouncer, iliyotengenezwa Skype na kutolewa kwa umma mwaka 2007, husimama mbele ya PostgreSQL kwenye poti 6432 na kuzungumza lugha ileile, kiasi kwamba mteja hudhani anaongea na hifadhidata yenyewe. Kwa mpangilio wake wa kawaida hufungua miunganisho halisi isiyozidi 20 kwa kila jozi ya mtumiaji na hifadhidata. Katika namna yake ya miamala, muunganisho halisi huazimwa kwa mteja wakati muamala wake unaendelea tu, kisha hupewa mwingine. Mteja anayesubiri hapo hugharimu soketi na takriban kilobaiti 2 za kumbukumbu. Hashiki kufuli, hashiki taswira ya data, hamzuii mtu. Jambo lenye thamani kubwa zaidi ni kwamba foleni hii inaonekana: msimamizi anaweza kuuliza ni wateja wangapi wanasubiri na aliyesubiri zaidi amesubiri kwa muda gani, na akaweka muda ambao ukipita mteja anaambiwa wazi kwamba hakupata nafasi. MariaDB na Percona Server zimeweka wazo hilihili ndani ya seva kwa kundi la nyuzi, MySQL inalitoa katika toleo lake la kulipia, Oracle iliongeza akiba ya pamoja katika toleo la 11g mwaka 2007, na Amazon ilianza kutoa huduma ya namna hiyo, RDS Proxy, mwaka 2020. Kampuni na jumuiya zinazoshindana zimefika mahali pamoja kwa njia tofauti, na huo ni ushahidi mzito kwamba tatizo liko katika hali yenyewe ya kazi wala si udhaifu wa bidhaa moja.

Wapo watakaopinga kwamba kumbukumbu sasa ni rahisi, na mashine yenye gigabaiti 256 inaweza kubeba michakato 5,000 bila kutetereka. Pingamizi hili lina ukweli wake, hasa baada ya toleo la 14 la PostgreSQL: miunganisho mingi iliyolala haitishi kama zamani. Lakini hakuna anayeweza kuahidi kwamba itaendelea kulala. Siku ya matokeo ya mitihani, siku ya mwisho ya kulipa kodi, au dakika ambayo tiketi za mechi zinafunguliwa, waliolala huamka pamoja, na saa hiyo swali la kumbukumbu hugeuka kuwa swali la viini na kufuli. Kikomo hupimwa kwa siku ya mafuriko. Kiangazi kila daraja huonekana imara.

Pingamizi la pili ni la wale wanaoamini kwamba kosa liko katika michakato na kwamba nyuzi zitatuokoa. Mwaka 2023 Heikki Linnakangas alifungua mjadala mpana miongoni mwa watengenezaji wa PostgreSQL kuhusu kuihamishia kwenye nyuzi, na sababu alizotoa ni za maana: kubadili kutoka kazi moja hadi nyingine kungekuwa kwepesi zaidi, na kumbukumbu ya pamoja ingesimamiwa kirahisi. Hata hivyo historia ya MySQL inatufundisha kutotarajia muujiza. MySQL imekuwa na nyuzi tangu awali, na bado matawi yake makubwa yalihitaji kundi la nyuzi lenye kikomo ili kustahimili wateja wengi wanaofanya kazi kwa pamoja. Nyuzi hupunguza bei ya kumshika mteja mmoja. Haziwapi wateja mia tano njia ya kuandika safu moja kwa wakati mmoja.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo linahusu programu za kati zenyewe. Muunganisho unapoazimwa kwa muamala mmoja mmoja, mambo yanayotegemea kikao hupotea: mipangilio iliyowekwa na mteja, kufuli za hiari za kikao, usikilizaji wa matangazo, majedwali ya muda. Hata maswali yaliyoandaliwa mapema, ambayo programu nyingi huyatumia bila mwandishi wake kujua, hayakufanya kazi katika namna ya miamala ya PgBouncer hadi toleo la 1.21 la mwaka 2023. Zaidi ya hayo, programu ya kati ni kitu kingine kinachoweza kuharibika, na ikianguka peke yake huanguka na wote. Akiba ikiwa ndogo kupita kiasi, programu inayoshika muunganisho mmoja huku ikiomba wa pili inaweza kujifungia yenyewe. Yote hayo ni kweli, na anayeyaficha hamsaidii msomaji. Jibu ni kwamba gharama hizi zinajulikana na zinaweza kugawanywa: kazi chache zinazohitaji kikao kizima zipewe njia yao ya moja kwa moja na kikomo chao, programu ya kati iwe na mwenzake wa kuipokea zamu, na ukubwa wa akiba upimwe kwa majaribio. Gharama ya foleni iliyo ndani ya hifadhidata haigawanyiki hivyo. Hulipwa na kila mtumiaji kwa pamoja, na hulipwa saa mbaya kuliko zote.

Kupokea wateja kunahusu pia kuwaaga, na hapa mipangilio ya kawaida ni mipole kupita kiasi. Simu ikipoteza mtandao au kifaa cha njiani kikisahau muunganisho, seva haipati taarifa yoyote. Kwa upande wake mteja bado yupo. Linux husubiri saa mbili za kimya kabla ya kuanza kuuliza kama mwenzake yuko hai, tena pale tu programu ilipoomba ulinzi huo. MySQL humvumilia mteja asiyesema neno kwa sekunde 28,800, yaani saa nane. Hatari zaidi ni mteja aliyeanza muamala kisha akanyamaza, maana huyo amelala na funguo mfukoni. PostgreSQL ilipata njia ya kumkatisha katika toleo la 9.6 la mwaka 2016, lakini hadi leo njia hiyo huja ikiwa imezimwa. Na mtumiaji akifunga ukurasa kwa hasira, swali lake zito huendelea kuchakatwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuondoka, isipokuwa msimamizi amewasha ukaguzi ulioingia katika toleo la 14. Foleni yenye wafu ndani yake huwaibia walio hai nafasi zao. Muda wa ukomo kwa kila hatua, yaani kuunganishwa, kusubiri, kufanya kazi na kunyamaza, ni sehemu ya haki ya anayefuata.

Limebaki swali la nani aruhusiwe hata kufika mlangoni. Husemwa mara nyingi kwamba nywila ngumu inatosha, lakini historia inakataa. Tarehe 25 Januari 2003, kirusi kilichoitwa Slammer kilishambulia huduma ya SQL Server inayowaelekeza wateja poti ya kutumia, kwa pakiti moja ya UDP yenye baiti 376 za msimbo kwenye poti 1434. Hakikuhitaji nywila wala hata muunganisho kamili. Idadi ya mashine zilizoambukizwa iliongezeka maradufu kila sekunde 8.5 hivi katika dakika ya kwanza, na angalau 75,000 ziliathirika, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu Julai 2002. Aprili 2013, PostgreSQL ilirekebisha udhaifu ambapo mtu asiye na akaunti, alimradi aifikie poti, angeweza kuharibu faili za seva kwa kutuma tu ombi la muunganisho lenye jina la hifadhidata linaloanza na kistari. Mapema mwaka 2017, maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi kwenye intaneti bila nywila zilifutwa na wahalifu waliodai fidia. Matukio mawili ya kwanza yanaonyesha kwamba hatari huanza kabla ya uthibitisho wa nywila, katika msimbo uleule unaopokea wageni. Ndiyo maana PostgreSQL husikiliza mashine yake yenyewe tu hadi ielekezwe vingine, na MongoDB ilifuata desturi hiyo kwa upana katika toleo la 3.6. Anayefungua poti ya hifadhidata kwa dunia nzima amewapa watu asiowajua haki ya kujipanga kwenye foleni yake. Kinyume chake pia ni muhimu: msimamizi lazima awe na nafasi yake siku zote. PostgreSQL hutenga nafasi tatu kwa ajili hiyo, na MySQL huongeza moja juu ya kikomo, kwa sababu mwenye ufunguo wa kurekebisha hali asipoweza kuingia, hakuna mwingine wa kufanya hivyo.

Katika Afrika Mashariki mambo haya yanazidi kugusa maisha ya kila siku. Huduma za serikali ya Kenya zinapitia eCitizen, malipo ya serikali ya Tanzania yanapitia GePG, na hospitali, vyuo na vyama vya akiba vinahamishia daftari zao kwenye hifadhidata mwaka baada ya mwaka, mara nyingi kwa bajeti ndogo. Mhandisi asiye na fedha za kununua mashine kubwa zaidi bado ana uwezo wa kuamua foleni yake ikae wapi, na uamuzi huo haugharimu leseni. Kupanga ni kuchagua. Apime kwanza ni kazi ngapi mashine yake inaweza kufanya kwa pamoja kabla muda wa majibu haujaanza kupanda, aweke kikomo cha hifadhidata karibu na namba hiyo, awasubirishe waliobaki mahali ambapo kusubiri hakumzuii mwingine, na amwambie mapema yule asiyeweza kuhudumiwa ili ajaribu baadaye. Mama anayesubiri namba ya malipo kaunta ya hospitali hatajua kamwe ni programu ipi ilimpanga. Lakini kwa mpangilio huo atapata jibu, hata likiwa la kumwomba asubiri dakika mbili, wakati seva isiyo na kikomo ingemnyima jibu yeye na wote waliokuwa mbele yake.